Maziwa Yasiyo na Ng'ombe

Saa moja na dakika kumi asubuhi daraja la mto Mbaka lilikuwa bado liko juu ya maji, lakini Shangazi alikwisha kuyageuza magari. Yalikuwa matano, yamesheheni maziwa, hayana dereva wala utingo. Yakapunguza mwendo kwenye utelezi, yakakata kona moja baada ya jingine na kushika njia ya juu. Dakika kumi na mbili baadaye maji yakapanda juu ya daraja na kuondoka na kingo zake.

Katika chumba cha mkondo wa habari cha kiwanda cha Mteremko, pale Tukuyu, watu walipiga makofi. Tumpale Mwakasala hakupiga. Alisimama mbele ya ukuta wa taa amekunja mikono, anajikaza asitabasamu, maana yeye ndiye aliyemlea Shangazi tangu hajapewa jina, na mzazi gani anayejisifia mtoto wake mbele ya mgeni.

"Amejuaje?" mgeni akauliza. Aliitwa Bwana Kahabuka, na alikuwa ametumwa na shule mia tatu kuja kuona kwa macho yake kama maziwa ya Mteremko yanafaa kunywewa na watoto. "Mmesema wenyewe pale darajani hamjaweka kihisi."

"Hatujaweka. Lakini kuna magari yaliyotangulia," Tumpale akasema. "Magurudumu ya la kwanza yaliteleza kidogo kuliko kawaida, ya la pili yakazidi, na kituo cha juu ya mto kilikuwa kinalalamika kwamba maji ya kuoshea ndoo yanatoka na tope. Zamani tungezikusanya habari hizo wiki nzima, tukazisoma Ijumaa, tukaandika ripoti safi kabisa ya kueleza kwa nini tumepoteza magari matano. Shangazi hangoji Ijumaa. Anazisoma zikipita, anafanya la kufanya, anaziacha ziende."

"Hazihifadhi?"

"Anahifadhi alichoamua. Habari zenyewe ni kama maziwa, Bwana Kahabuka. Asubuhi zina kazi, jioni zimechacha."

Jina la Shangazi lilitoka kwa wafanyakazi. Kwenye mkataba mashine hiyo iliitwa Mfumo wa Uchakataji wa Papo kwa Papo, jina la kumchosha hata aliyeliandika. Lakini ilipoanza kujua nani amechelewa kukama, ng'ombe wa nani ana homa kabla mwenyewe hajaona, na nyumba ipi wamenuniana kwa sababu mume na mke wanaleta ndoo kwa zamu, mhudumu mmoja akasema huyu si mfumo, huyu ni shangazi. Jina likanasa.

Na kweli alikuwa na macho. Kila ng'ombe aliyeandikishwa Mteremko, kutoka Kiwira hadi Mwakaleli, alikuwa amemezeshwa kidonge kikubwa kama ndizi changa, kikatulia tumboni mwake kwa maisha yake yote. Kidonge kilijua joto lake na kucheua kwake. Kilijua amekamwa saa ngapi na ametoa kiasi gani, na hakikukosea zaidi ya robo kikombe. Ndoo ikitua kwenye mizani ya kituo, Shangazi anajua papo hapo ni ya nani na ina mafuta kiasi gani, na kabla kifuniko hakijarudi ameshaamua: haya ni ya jibini, haya ya mtindi, haya ya kunywa. Pipa la jibini lilianza kupashwa moto kiwandani wakati maziwa yenyewe yangali kijijini. Siku arobaini na moja zilikuwa zimepita bila kumwaga hata lita moja, wakati zamani mtaro wa nyuma ya kiwanda ulikuwa mweupe kila Jumatatu.

"Na mtu anaingia wapi?" Bwana Kahabuka akauliza.

"Haingii," akajibu mkurugenzi, Mama Yusta Ngailo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru ambayo hakuwa na haja ya kuipandisha. "Hapo ndipo faida ilipo. Mtu akikaa dakika tano kufikiri, maziwa yameshapita. Wiki yote hii mgeni wetu hutaona mkono wa mtu ukigusa uamuzi wa Shangazi. Tumeandikiana hivyo kwa wiki ya majaribio, na shule zako zimesaini hivyo."

Ndipo taa moja kwenye kona ya chini ya ukuta ilipogeuka kutoka njano kuwa nyekundu, ikafuatwa na nyingine, na nyingine, mpaka kona nzima ikawaka. Shangazi akaandika, kama kawaida yake, bila kupoteza maneno:

*Ikombwe. Maziwa yasiyo na ng'ombe: nyumba moja. Ng'ombe wasio na maziwa: nyumba thelathini na saba. Asubuhi ya tatu. Kufungwa: saa tatu kamili.*

Tumpale akasoma mara mbili. Ikombwe ndiko alikozaliwa, na ndiko mama yake alikokuwa bado anaishi. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika thelathini na tano.

*

Sheria ile ya kufunga aliiandika yeye. Hilo ndilo lililomuuma.

Miaka miwili nyuma mjanja mmoja alitia maji na unga kwenye ndoo, akaleta lita arobaini kutoka kwa ng'ombe wawili waliokonda, na watoto wa shule moja wakalazwa. Tumpale alikwenda wodini akawaona. Aliporudi alikaa asubuhi moja tu, kwa hasira, akamfundisha Shangazi kulinganisha: kidonge kimesema nini, mizani imesema nini. Ndoo ikija imejaa na ng'ombe hawakukamwa, hayo ni maziwa yasiyo na ng'ombe. Ng'ombe wakikamwa na ndoo ikapungua kuliko kawaida ya nyumba hiyo, basi kuna maziwa yanayopita mlango wa nyuma. Asubuhi moja ni alama ya njano. Ikifika ya tatu, nyumba inafutwa, vidonge vinazimwa, daktari wa mifugo haji tena, na kurudi ni baada ya mwaka wa kuchunguzwa. Alama za njano zilikuwa nyingi kila siku, hakuna aliyezitazama, maana kufuta kwenyewe kulianza wiki hii tu, kwa maandikiano ya majaribio. Wala huruma haikuwemo kwenye sheria, kwa sababu siku ile hakuwa nayo.

Akatoka nje ya chumba, akampigia Ipyana, mpimaji wa kituo cha Ikombwe, mtu wa maneno mengi na mizani safi.

"Ipyana, ndoo ya Mama Gwamaka inajazwa na nani?"

"Maziwa si yanatoka kwa ng'ombe, dada? Au huko kiwandani mmegundua kwingine?"

"Usinitanie leo. Ng'ombe wake watatu hawajakamwa siku ya tatu hii. Ndama wananyonya mpaka wanalala. Na leo ndoo yake imekuja na lita kumi na tisa na pointi nne."

Mvua ilisikika ikipiga bati la kituo. Ipyana alipojibu, utani ulikuwa umekwisha. "Mumewe tumemzika Jumatatu."

Tumpale akafumba macho. "Sikujua. Mungu wangu, sikujua. Mpe pole zangu. Lakini Ipyana, niambie ni nani wanaomjazia. Saa tatu Shangazi anafunga kijiji kizima."

"Dada, mimi napima. Ya watu sisemi."

"Hata kama kijiji kinafungwa?"

"Wewe si wa hapa? Ng'ombe wa nyumba yenye msiba hawakamwi siku saba, wanaachiwa ndama. Na jina la mfiwa halikatiki kituoni, ndoo yake inafika kila siku. Hayo tu ndiyo naweza kusema. Atakayefungua mdomo aseme mimi nimetoa, ameshamdai mjane. Watu wanakuja na ndoo zao hapa, wanapitia kwake kwanza, hakuna anayemtazama mwenzake. Mimi mwenyewe huwa nainama kufunga viatu."

Simu ilipokatika Tumpale alibaki amesimama. Alikuwa wa kule, ndiyo, lakini aliondoka na umri wa miaka kumi na mmoja kwenda bweni, na jambo lisilosemwa hata mtoto wa nyumbani anaweza kukua bila kulisikia. Alikuwa ameijenga mashine ya kujua yote ya watu hawa, na hili hakulijua yeye wala mashine.

Mama Ngailo alimkuta hapo. Tumpale akamweleza kwa maneno machache.

"Tuna njia mbili," Mama Ngailo akasema. "Ya kwanza sitaki hata kuisikia. Mkono wa Shangazi ni mmoja. Tukiusimamisha Ikombwe, umesimama kila mahali. Nyumba elfu ishirini na moja, magari mia mbili kwenye mvua hii, mito inajaa. Tutamwaga kila kitu, na mgeni akitazama."

"Na ya pili?"

"Ya pili inakaa kati yangu na wewe. Waandikie kihisi kibovu. Nyumba thelathini na nane, vihisi vibovu, mvua imeingia. Shangazi atafuta alama, mjane atalia msiba wake kwa amani, na sisi tutaendelea na kazi."

Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba Tumpale aliona vidole vyake vinataka kulifanya. Akamwona Mama Gwamaka, mwanamke aliyekuwa akimbeba mgongoni kuvuka mto, akiambiwa wiki ya kumzika mumewe kwamba yeye ni mwizi. Kisha akaona wodi, na watoto wawili wawili kitandani.

"Sitaweza, Mama. Shangazi anajifunza kwa kila jibu tunalompa. Tukimwambia leo kwamba ndoo iliyojaa bila ng'ombe ni kihisi kibovu, kesho atamwambia hivyo hivyo yule wa unga. Atakuwa amefundishwa na mimi."

"Basi watafungwa."

"Hawatafungwa."

"Tumpale. Ama unadanganya, ama wanafungwa. Chagua, saa inakwenda."

"Nipe mpaka saa tatu," Tumpale akasema. Hakuwa na chochote mkononi alipolisema hilo, na mkurugenzi alilijua.

*

Alirudi kwenye kiti chake, akaifungua Ikombwe yote mbele yake. Dirisha la asubuhi lilikuwa wazi mpaka saa tatu. Hivyo ndivyo Shangazi alivyofanya kazi: anakamata mkondo kwa saa chache, anaupima, kisha anauachia, na kilichobaki ni uamuzi tu. Asubuhi mbili zilizopita zilikuwa zimekwenda na maji. Kama kulikuwa na ukweli wa kuthibitisha, ulikuwa umebaki wa leo peke yake, na ulikuwa na saa moja ya kuishi.

Nyumba thelathini na saba. Hii imepungukiwa nusu lita. Hii pointi tatu. Hii pointi sita, wana ng'ombe wengi. Hii pointi mbili, na Tumpale aliwajua hao, mzee na mkewe na ng'ombe mmoja aliyechoka.

Bwana Kahabuka alikuwa amevuta kiti karibu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu, lakini nyekundu haifichiki. "Hawa wote ni wezi?" akauliza, bila ubaya.

"Mashine inasema hivyo."

"Na wewe?"

Tumpale alikuwa ameshaanza kujumlisha. Alijumlisha kwa kalamu, nyuma ya karatasi ya ratiba, kama mama muuza nyanya. Na alipofika nyumba ya ishirini aliweka kalamu chini, maana alikuwa ameona kosa lake, na lilikuwa kosa la wazi mpaka akaona aibu.

Alikuwa amemfundisha Shangazi kutazama kila nyumba peke yake. Nyumba na ng'ombe wake, nyumba na ndoo yake, mlango umefungwa. Hakuwahi kumfundisha kwamba nyumba ina jirani.

"Maji ya mwizi yanatoka wapi?" akasema kwa sauti, bila kujua anamwuliza nani.

"Bombani," Bwana Kahabuka akasema.

"Bombani. Mtoni. Hayajapungua kwa mtu. Lakini kikombe nilichokupa mimi kimepungua kwangu. Kama ndoo yako imezidi kwa sababu ya wema, basi lazima kuna mahali kumepungua, kijiji hicho hicho, asubuhi hiyo hiyo, kiasi hicho hicho. Hahitajiki mtu kusema neno. Maziwa yenyewe yanasema."

Akaanza kuandika. Nafasi ya kujaribu pembeni haikuwepo, aliandika juu ya mkondo wenyewe ukipita, kama fundi anayebadilisha tairi gari linatembea. *Chukua ndoo iliyozidi. Tafuta waliopungukiwa kijiji hicho, dirisha hilo. Jumlisha. Tofauti ikizidi nusu lita, ni maziwa yasiyo na ng'ombe. Isipozidi, si wizi.* Mara mbili alikosea na mara mbili Shangazi akamkatalia. Mama Ngailo alisimama nyuma yake amekishika kiti kwa mikono miwili.

Saa mbili na dakika thelathini na sita Shangazi alikubali. Akajumlisha thelathini na saba kwa kupepesa jicho.

*Ndoo iliyozidi: 19.4. Waliopungukiwa: 17.6. Tofauti: 1.8. Kufungwa: saa tatu kamili.*

Mama Ngailo akainama kuzisoma namba.

"Imekaribia sana," akasema polepole. "Tumpale, ongeza upana. Badala ya nusu lita weka lita mbili. Huo si uongo, ni upana tu."

"Lita mbili kwa kila ndoo, nyumba elfu ishirini na moja. Mama, hizo ni lita elfu arobaini na mbili za maji kila asubuhi, na nitakuwa nimezifungulia mlango." Alijisugua uso. Alitaka kulia na hakuwa na muda. "Kuna mtu wa thelathini na nane. Ametoa lita moja na pointi nane na Shangazi hamwoni. Ana ng'ombe asiye na kidonge."

Na mara tu alipolisema, akamjua. Ikombwe nzima kulikuwa na ng'ombe mmoja tu asiye na kidonge.

*

Simu iliita sana. Mtandao ulikuwa unakuja na kupotea kwa sababu ya mvua.

"Mama, umeamkaje?"

"Nimeamka. Mbona unapiga saa ya kazi? Wamekufukuza?"

"Hawajanifukuza. Mama, Tabu ametoa kiasi gani leo?"

Bibi Tusekile alikuwa amemkatalia binti yake mara sita kumezesha ng'ombe wake kidonge, na hakuona haya kulisema kanisani. "Tabu hakumeza redio yenu. Sasa mnataka mimi ndiye nitangaze?"

"Mama, nisikilize, tafadhali. Kuna lita moja na pointi nane sijui ilikotoka. Nisipojua, saa tatu kijiji kinafungwa. Wote. Na wa kwanza ni Mama Gwamaka, ataandikwa mwizi."

Upande wa pili sufuria ilifunikwa. Tumpale aliisikia mvua, akasikia kiti cha mama yake kikilia.

"Hayo hayasemwi, Tumpale."

"Najua."

"Nani kakwambia? Ipyana. Yule naye mdomo."

"Alikataa kusema. Alivyokataa ndiyo nikaelewa."

Saa ya ukutani ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na nne. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama mgongo. Tumpale alijua hawezi kumlazimisha. Alikuwa akimwomba mama yake avunje kitu alichokishika maisha yake yote, na alikuwa akimwomba kwa ajili ya mashine.

"Nitakwambia jambo jingine," Bibi Tusekile akasema mwishowe, "halihusiani na hayo. Leo nimekunywa chai ya rangi."

Tumpale akashika ukingo wa meza. Huyu ni mwanamke ambaye chai bila maziwa aliiita maji ya kuoshea vikombe, ambaye aliwahi kuondoka kwenye harusi kwa sababu hiyo.

"Na jana?"

"Ya rangi."

"Juzi?"

"Wewe mtoto, ya rangi. Tabu hatoi zaidi ya hizo siku hizi, amezeeka kama mimi." Sauti yake ikashuka. "Na mwaka ule alipofariki baba yako, wewe ukiwa bweni, Ikombwe nzima ilikunywa chai ya rangi siku saba. Ndoo yangu ilijaa kila asubuhi na jina langu halikukatika. Unadhani ada ya kukubakiza shuleni ilitoka wapi? Mama Gwamaka ndiye alikuwa wa kwanza kupita mlangoni kwangu. Sikumwona. Nilikuwa nimelala chini. Nilisikia tu kifuniko."

Machozi yakamtoka Tumpale na hakuyafuta. Hakujali mgeni, hakujali mkurugenzi. Miaka ishirini na saba alikuwa akiamini kwamba amefika hapo kwa akili zake.

"Mama, nataka niandike jina lako. Shangazi hapokei neno lisilo na mwenyewe."

"Halafu amwambie nani?"

"Hamwambii mtu. Wala Mama Gwamaka, wala Ipyana, wala mkurugenzi wangu. Nitamfundisha hivyo leo leo."

"Shangazi anayejua na hasemi?" Bibi Tusekile alicheka kidogo, kicheko cha puani. "Tangu nizaliwe sijamwona."

"Basi huyu ndiye."

"Haya. Niandike. Lakini mjane akija kulijua hili, kwangu usikanyage."

*

Aliandika ushahidi wa mtu, kipengele kilichokuwemo kwenye mfumo tangu mwanzo na ambacho hakuna aliyewahi kukitumia, kwa kuwa kila mtu aliamini thamani yote iko kwenye vihisi. *Ng'ombe mmoja, hana kidonge. Lita moja na pointi nane. Shahidi: mwenye ng'ombe.* Akalifunga jina ndani, akalitia kufuli. Akaongeza mstari mmoja chini ya sheria: *Waliotoa wasitajwe. Aliyepokea asiulizwe.* Kisha chini kabisa akaweka jina lake mwenyewe, Tumpale Mwakasala, ili kama amekosea ijulikane ni nani aliyekosea.

Saa mbili na dakika hamsini na tatu akabonyeza.

Kwa pumzi mbili hakikutokea kitu. Mama Ngailo alinong'ona jambo kwa Kikinga, lugha ya kwao, ambalo huenda lilikuwa sala.

*Ndoo iliyozidi: 19.4. Waliopungukiwa na shahidi: 19.4. Tofauti: 0. Ikombwe: si wizi.*

Kona ya chini ya ukuta ikawa kijani, taa thelathini na nane kwa pamoja.

Safari hii Tumpale alipiga makofi. Alipiga kama mwehu, na mtu akamkumbatia, na hakujua ni nani. Lakini Shangazi alikuwa hajamaliza. Amefundishwa kuangalia jirani, naye hakuwa mtu wa kuangalia kijiji kimoja akaacha vingine. Ukuta mzima ulianza kutembea. Alama za njano zilizokuwa zimetapakaa bonde zima zikaanza kugeuka kijani, hapa mbili, pale kumi na tano, kijiji kwa kijiji. Mahali palipokuwa na msiba, mahali palipokuwa na mama aliyejifungua, mahali ambapo ng'ombe wa mtu walikufa kwa radi na majirani wakamshika mkono kimya kimya. Tumpale alisimama akiangalia wilaya nzima ikikiri jambo ambalo hakuna aliyelisema.

"Wako wengi hivi?" Mama Ngailo akauliza. Sauti yake ya kuamuru ilikuwa imemtoroka.

"Walikuwepo siku zote, Mama. Tulikuwa tunawaandika wezi nusu nusu."

Ilipotimia saa tatu kamili zilibaki taa tatu za njano, katika vijiji vitatu vilivyo mbalimbali. Huko ndoo zilizidi na hakuna jirani hata mmoja aliyepungukiwa. Zikawa nyekundu. Shangazi akaandika *maji*, na kabla mtu hajavuta pumzi mizani tatu zikafunga mdomo na ndoo tatu zikarudishwa kwa wenyewe. Zilikuwa zimejificha katikati ya wafiwa kwa miezi, na siku zote hazikuonekana kwa sababu njano zilikuwa nyingi.

Bwana Kahabuka alikuwa amevua miwani, anaisafisha kwa ncha ya shati. "Nimeona mkono wa mtu," akasema.

"Umeona," Tumpale akakubali. "Haukugusa uamuzi. Ulimfundisha. Lakini ukitaka kuandika kwamba tumevunja maandikiano, andika, na uandike jina langu, si la mkurugenzi."

"Nataka kuuliza swali moja kwanza. Tuseme mimi ni mwizi. Nimeijua sheria yako mpya. Nitapitaje?"

Tumpale akafikiri, kwa kweli akafikiri, maana mtu huyu alikuwa anaulizia watoto. "Itabidi upate majirani thelathini na saba wakubali kupungukiwa kwa ajili yako, asubuhi tatu mfululizo, wasikutangaze. Ukiwapata hao, Bwana Kahabuka, wewe si mwizi."

Mgeni akavaa miwani yake. Alitoa kalamu mfukoni, akasaini kurasa zote za mkataba wa shule mia tatu pale pale juu ya meza ya Tumpale, juu ya ile karatasi ya ratiba yenye hesabu za kalamu, na alipomaliza akaiomba karatasi yenyewe aondoke nayo. Mama Ngailo akamwambia amepata. Nje mvua ilikuwa imelegea, na magari mia mbili yalikuwa yanateremka kuelekea kiwandani bila hata moja kuchelewa. Siku ya arobaini na mbili, hakuna lita iliyomwagwa, isipokuwa ndoo zile tatu za maji, na hizo walizimwaga waliozileta.

Simu ya Tumpale ikalia. Ni Ipyana.

"Dada, taa yangu imekuwa kijani. Umefanyaje? Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema."

Ipyana akangoja. Alipoona hamalizii, akaelewa. "Ndaga," akasema kwa lugha ya nyumbani, asante, na kwa mara ya kwanza tangu Tumpale amjue hakuongeza neno.

Mhudumu wa chai alikuwa anapita na sinia, mabirika mawili, moja la maziwa yaliyochemshwa asubuhi ile, yana malai juu. Kila mtu alikuwa ananyoosha kikombe. Alipofika kwa Tumpale aliinua birika la maziwa bila kuuliza, kwa kuwa miaka yote alimjua.

Tumpale akafunika kikombe kwa kiganja. Msiba wa Mama Gwamaka ulikuwa umebakiza siku nne.

"Mimi nipe ya rangi," akasema.